Radhi Haimo Kwenye Fomu

Mimi sikulazwa kwa sababu ya koo. Naliweka wazi hilo mapema kwa kuwa kila karatasi iliyoandikwa juu yangu humu ndani inasema koo, na karatasi zikishakuwa nyingi zinageuka kuwa mtu. Mtu huyo wa karatasi sasa ana faili lake, dawa zake na siku yake ya kupasuliwa, nami nimebaki kumfuata nyuma. Nilipofika kwenye dirisha la mapokezi karani aliniuliza, bila kuinua uso, "Unaumwa nini?" Nikamjibu, "Roho inaniuma." Na mkono wangu, ambao haukutumwa na mtu, ukapanda ukashika shingo, maana majonzi ya kweli hukaa hapo, chini kidogo ya kidevu, hayamezeki wala hayatemeki. Karani alikuwa mtu wa pwani. Kwao mtu akikabwa shingo husemwa amekabwa roho. Roho ni koo na koo ni roho. Akaandika KOO kwa herufi kubwa, akapiga muhuri, akaniambia nisogee nimpishe wa nyuma.

Mimi mwenyewe ni mtu wa pwani na nilipaswa kujua. Aibu inazidi nikikumbuka kwamba miaka thelathini na mmoja nilikuwa mkalimani wa mahakama. Kazi ile, kwa asiyeijua, iko hivi: shahidi akisema kwa lugha yake "mimi niliona panga," mkalimani hasemi "anasema aliona panga." Husema, "Mimi niliona panga." Nimekuwa mjane mara mia. Nimekuwa mwizi wa ng'ombe, nimekuwa baba aliyemkana mtoto, na siku hiyohiyo nikawa mtoto mwenyewe. Nimekiri kuua saa tano asubuhi, kisha nikaenda kula wali. Kila kesi niliapa kwamba sitaongeza wala sitapunguza, na sikuwahi kutia chumvi hata chembe. Halafu nikastaafu, na asubuhi moja nikaamka na maumivu nisiyojua ni ya nani. Nikazipekua zile "mimi" zote nilizowahi kuzisema, nikitafuta iliyo yangu, sikuiona. Ndipo nikaja hapa. Nilitaka mtu mmoja avute kiti akae, aniulize jambo lisilojibiwa kwa ndiyo au hapana. Wakaniletea maji ya zambarau nisukutue.

Nyumba hii haina jina, au jina inalo lakini limeandikwa upande wa nje na sisi tuko ndani. Ukutani kuna saa, na saa inasema ni saa kumi kasoro dakika tano. Saa kumi kamili ndiyo saa ya kuona wagonjwa. Nililazwa saa kumi kasoro tano, nimenyweshwa uji saa kumi kasoro tano, nimelala nikaota nikaamka, na bado dakika tano. Jua la alasiri limeganda kwenye madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe. Mgonjwa wa kabla yangu alikwangua rangi kwa ukucha, akaacha tundu la ukubwa wa kifungo, na kupitia hapo naliona geti. Nyuma ya geti wamesimama watu wetu na vikapu na chupa za chai. Wapo waliokuja vijana na sasa wana mvi.

Nilimwuliza Sista Domitila, mkuu wa wodi yetu, kama saa ile ni mbovu. Ni mwanamke msafi, hana ubaya wa makusudi, na hilo ndilo linalonitia hofu. "Saa si mbovu, bibi," alisema. "Wakati ndio haujafika." Nimelitafuna jibu hilo siku nyingi, kama siku ni neno lenye maana humu. Mtu akikukatalia, unaye mtu wa kugombana naye. Akikwambia subiri, hajakunyima kitu. Amekupa, ila amekiweka mbele kidogo ya mkono wako, na kila ukinyoosha naye anasogeza, na anakusifu kwa uvumilivu wako. Mamlaka yote niliyoyaona mahakamani yalikuwa na uso na kiti. Haya ya humu yana dakika tano tu, na yanatosha.

Daktari Mkuu alikuja na taa yake akanitazama kooni. "Koo ni safi kabisa," akawaambia wanafunzi wake. "Mgonjwa analalamika na koo ni safi. Hii ndiyo hali ya hatari." Akaamuru zoloto langu litolewe, kile kidude kinachotengeneza sauti, kwa sababu ndicho chombo kinacholeta malalamiko. Nikamwambia, "Dokta, mimi sikusema koo." Akafungua faili akanionyesha. KOO. "Na sahihi hii ni ya nani?" Ilikuwa yangu. Wodini humu tuko ishirini na wanne, na tisa wamekwisha kutolewa zoloto. Wanatabasamu, wananing'iniza kibao shingoni na kipande cha chaki, na kwenye mafaili yao imeandikwa: amepona.

Mimi ni kitanda cha kumi na tisa. Cha ishirini alikuwa Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi alikuwa kikongwe wa bara, mwembamba, mapafu yake yamejaa maji. Alikuwa anakwenda. Sisi tulijua, masista walijua, na yeye alijua kutuzidi sote. Hakuogopa kufa, alikuwa na hasira, kwa kuwa kulikuwa na jambo amelikalia na hakupata pa kulishusha. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanamvua, mwanangu, mimi sitaki dawa. Mimi nataka radhi."

Nani asiyejua radhi? Mtu wa kwetu haondoki, hata akiwa anakwenda mji wa pili tu, bila kusimama mlangoni akasema kama nimekukosea niwie radhi, na anayebaki akajibu nimekuwia, niwie na wewe. Ni maneno mepesi, watu huyasema huku wanatafuta kiatu. Lakini jaribu kuondoka hujayasikia. Jaribu kuondoka kwa mara ya mwisho hujayasikia, na uliyemkosea umemwacha nyuma ya geti.

"Radhi ya nani, mama?"

"Kabula. Mdogo wangu, tumbo moja." Alivuta pumzi, akaikosa, akaivuta tena. "Mama alipofariki, Kabula alikuwa kaolewa mbali. Watu wakaniuliza, umemtumia habari? Nikasema nimemtumia. Sikutuma."

"Kwa nini?"

"Kabula alikuwa anajua kulia." Alinitazama kuona kama nimeelewa. "Akilia kwenye msiba, watu wote wanamtazama yeye. Mama alimpenda yeye. Nikasema leo, walau leo, mama awe wangu peke yangu. Akaja siku ya nne, kaburi limeshakauka. Ukoo wakamwambia, uliitwa ukadharau. Wakamtenga. Miaka arobaini na mbili, mwanangu. Wanamwita yule aliyemdharau mama yake. Na mimi nipo, nakula nao, nimenyamaza."

"Na yuko wapi sasa?"

"Getini. Namsikia kikohozi chake."

Nikaenda kwenye tundu la dirisha. Wanawake wazee walikuwa wengi pale, wa vitenge na wa kanga, na wengi walikuwa wanakohoa, maana kusimama muda mrefu vile ni lazima ukohoe. Sikuweza kujua Kabula ni yupi. Huenda wote.

Nikafanya kama mtu mwenye adabu afanyavyo: nikaanza kwa mwenye mamlaka. Sista Domitila akasikiliza huku anakunja shuka. "Bibi, ningependa. Lakini saa unaiona mwenyewe." Nikamwambia mgonjwa hafiki saa kumi. Akasema mahitaji ya kiroho yana mhusika wake, akabonyeza kengele, na akaja Afisa wa Faraja.

Bwana Kasembe alinukia vizuri. Alikuwa na koti la kijivu, kalamu tatu mfukoni, na kadi ngumu yenye visanduku. Akasimama miguuni mwa kitanda, maana kiti hakikuwa katika utaratibu wake, akasoma: "Mgonjwa anahitaji, moja, sala fupi. Mbili, sala ndefu. Tatu, hahitaji."

"Nahitaji radhi," akasema Bi Nyamizi.

Akatazama kadi upande wa mbele, akaigeuza akatazama nyuma. "Radhi haimo kwenye fomu, mama."

"Basi iandike."

"Mimi siandiki, mama yangu. Mimi natia alama." Na akatia: sala fupi. Akaisoma hapohapo, sala nzuri tu, inayomfaa mtu wa dini yoyote kwa kuwa ndani yake hakutajwa mtu yeyote wala kosa lolote, akamwomba Bi Nyamizi atie kidole gumba kuthibitisha amefarijika. Hapo nikapandwa na mori. Nikamwambia, "Bwana Kasembe, huyu mwanamke ana jambo moja tu duniani. Lina jina, lina mwaka, lina kaburi. Umekuja kumpa maneno yasiyomjua. Ungempitishia kopo la maji ingekuwa ibada kubwa zaidi." Nilimpa vidonge vyake vyote, asubuhi na jioni. Akashtuka, akaandika kitu kwenye kadi ya kitanda changu, nikakisoma kichwa chini miguu juu: koo linazidi, upasuaji uharakishwe.

Alipoondoka, Bi Nyamizi akafumba macho. Nikadhani amelala. Akasema, "Wewe si ulikuwa unasema maneno ya watu mahakamani?"

"Ndiyo, mama."

"Sema ya Kabula."

"Hajayasema. Mkalimani hasemi ambalo halijasemwa."

"Atayasema," akajibu. "Wewe tangulia."

Nikakaa na neno hilo. Tangulia. Nilikaa nalo kitandani mwangu huku nimetazama ukuta mweupe, na sijui muda gani ulipita, dakika tano ni nyingi mno. Nani awezaye kusamehe kwa niaba ya mwingine? Hakuna. Hilo nalijua, nililijua tangu nikiwa na meno ya utoto. Hakimu hawezi, ndiyo maana anafunga. Sheikh hawezi, padri naye anatafuta ruhusa juu. Aliyeumizwa ndiye mwenye mali, akiamua kufa nayo ni haki yake. Basi mimi ni nani? Mimi ambaye sina hata mimi. Miaka thelathini na mmoja nimebeba maneno ya wenye maneno, nikayafikisha, nikarudi mikono mitupu. Nikiongeza leo, mimi ni mwongo. Nisipoongeza, mimi ni saa ile ya ukutani. Nayo inasema kweli: wakati haujafika. Nayo haiongezi wala haipunguzi. Kumbe unyofu wangu wote ule ulikuwa ndugu wa unyofu wa Sista Domitila, na Bwana Kasembe, na karani: kila mmoja ameandika kilichoruhusiwa, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Nilichukia. Nawaambieni nilichukia, na katika chuki ile kulikuwa na kitu nilichokitambua. Hakikuwa cha mjane wala cha mwizi wa ng'ombe. Kilikuwa changu.

Nikavuta kiti. Kiti cha chuma kikakwaruza sakafu na wodi nzima ikageuka. Nikakaa karibu na kichwa chake, pale ambapo Afisa hakukaa.

"Bi Nyamizi. Nakwambia kabla sijaanza: sina haki ya kusema haya. Mimi si Kabula."

"Najua. Nakufa, sijawa mwehu."

"Haya, omba."

Akaomba. Alisema yote tena, mbele ya mashahidi ishirini na wawili, akimwita mdogo wake kwa jina: habari ambayo hakuituma, uongo kwa ukoo, miaka arobaini na mbili. "Kabula, niwie radhi," akamaliza.

Nikasema, kwa sauti laini ninayoona inafaa kwa anayekufa, "Dada yangu, nimekusamehe. Nenda kwa amani."

Bi Nyamizi akafumbua jicho moja. "Huyo nani?"

"Kabula."

"Kabula gani huyo? Kabula wangu hawezi kusema hivyo. Kabula atanitukana kwanza."

Mtu akacheka kitanda cha kumi. Nikaona aibu, maana alikuwa amenishika palepale nilipoteleza. Nilikuwa nimemtafsiria kama Bwana Kasembe anavyosali. Nikajipanga upya. Nikamfikiria mwanamke ambaye amekuja siku ya nne, miguu imejaa vumbi, kanga ya msiba ameikunja kichwani hajapata kuivaa, anafika uani anakuta watu wamekwisha kutawanyika na mbuzi wanalamba sufuria. Nikamwacha aje. Alipokuja hakupitia kwenye akili, alipitia hapa, kwenye hili koo safi wanalotaka kulikata.

"Nyamizi!" nikapiga kelele. "Nyamizi mshenzi wewe! Mwizi! Wenzio wanaiba kuku, wewe umeniibia kilio! Mama yangu kazikwa sijamlilia, nimekaa na kilio hicho kifuani miaka arobaini na mbili, kimeoza humu, kimenifanya hata wanangu nawapiga bila sababu! Ulikuwa unakula nao! Ulikuwa unakaa pale unakula ugali wakinisema, na tonge lilikushuka! Sura yako mbaya tangu utotoni, na roho yako ndiyo hiyohiyo!"

Bibi yule alikuwa anatabasamu. Machozi yanamtoka, yanaingia masikioni, na anatabasamu. "Huyo," akanong'ona. "Huyo ndiye. Endelea."

Nikaendelea. Sista Domitila alikuwa amesimama mlangoni, mkono umeonyesha bango la KIMYA lililobandikwa ukutani, nami sikumpa hata nusu ya jicho. Nilitukana mpaka Kabula akaishiwa, na alipoishiwa nilihisi kabisa anakaa chini, amechoka, ni mwanamke mzee tu sasa, na dada aliyebaki ni mmoja. Sauti ikashuka yenyewe.

"Ungeniambia tu unataka mama awe wako," nikasema. "Ningekupa. Siku moja, Nyamizi? Ningekupa."

Bi Nyamizi alilia kwa sauti hapo, kilio kirefu cha msibani, na sijawahi kusikia aliyekijua kuliko yeye. Sijui kwa nini alimwonea wivu mwenzake.

"Nimekuwia radhi," nikasema. "Niwie na wewe."

"Nimekuwia," akajibu. Akavuta pumzi moja, ikaingia vizuri, bila kupambana. Haikutoka tena.

Nilimfumba macho. Nikabaki pale nimemshika mkono, na nilisikitika sana, nalisema bila haya, nilisikitika kama mtu aliyefiwa na dada. Kama nilitenda dhambi, basi niandikiwe mimi, kwa jina langu, Mwanamvua, na pasiwe na mtu mwingine wa kusemwa ndiye aliyesema. Kabula akipita geti lile na kuniambia, "Mimi sikumsamehe, umenisingizia," nitampigia magoti. Nitamtaka radhi. Atanitukana kwanza, na nitakuwa nimestahili. Lakini sitamwambia, "Samahani, nilikuwa nasubiri saa kumi."

Kisha nikasikia chaki. Kitanda cha saba, mmoja wa wale waliotolewa sauti, alikuwa anaandika kibaoni. Tabasamu lake la kupona lilikuwa limemwanguka. Akakiinua: MASHAKA. MUME WANGU. NILIMFUKUZA MVUANI. Kitanda cha kumi na tatu akainua chake. Mwenye sauti kule pembeni akasema, "Wangu mimi ni mwanangu Tabu, njoo kwangu ukimaliza hapo," na wa karibu yake akamwambia afuate foleni.

"Kumi na tisa!" Sista Domitila alikuwa amepata sauti yake. Nyuma yake waliingia wapagazi wawili na machela, mmoja kijana wa misuli, mwingine mtu mzima mwenye ndevu za mvi. "Muhuri umeshapigwa. Panda hapa."

"Sipandi."

"Bibi, ulisaini."

"Nilisaini neno ambalo sikulisema. Leo nimesema ambalo sikusaini. Nipasueni kwa hilo mkitaka, lakini mtaninyanyua, sipandi kwa miguu yangu. Na kabla hamjaninyanyua, kitanda cha saba ana haja, na wa kumi na tatu, na yule pale pembeni. Mtasubiri. Si mnajua kusubiri? Ninyi ndio mmetufundisha."

"Mnyanyueni," Sista akasema.

Yule kijana akaja akanishika bega. Nikashika chuma cha kitanda cha Bi Nyamizi kwa mikono miwili. Wanawake wakaanza kushuka vitandani, mmoja mmoja, na chupa zao za maji ya mshipani, wakaja wakasimama baina yangu na machela. Tisa kati yao walikuwa na vibao shingoni.

Mpagazi mwenye mvi hakuwa amesogea. Alikuwa bado ameshika mikono ya machela upande wa nyuma, anautazama uso wa Bi Nyamizi jinsi ulivyotulia. Sista akamwita mara mbili. Akainama, akaishusha machela sakafuni polepole, kisha akaikalia mwenyewe, magoti juu, mikono imelegea, mtu mzima na sare yake ya buluu.

"Mama," akaniambia. "Baba yangu hakutaka nifanye kazi humu. Alilazwa wodi ya wanaume, nikampeleka kupasuliwa mimi mwenyewe, kwa machela hii. Akanishika shati njiani. Nikamtoa mkono, kwa sababu sheria ni tusiongee na wagonjwa."



"Aliitwa Magesa," mpagazi akasema. "Hakuwa anaongea na mtu kabla hajamtukana. Anzia hapo."

Nikaachia chuma cha kitanda, nikavuta kiti mpaka mbele yake, nikaanza.